UZI: Neno "ukeketaji" limebadilisha nini? Maneno ya wanaharakati yalitangulia sheria, au yalikuja nyuma yake?

#1 Binti wa Sirari

Wakuu, salaam.

Kuna jambo nataka tulichambue bila kutupiana matusi. Nimekulia Tarime. Utotoni sikuwahi kumsikia mtu kijijini kwetu akitamka "ukeketaji". Ilikuwa "kutahiriwa", au kwa Kikurya "esaro", na esaro ilikuja na ng'ombe wa kuchinjwa, zawadi, nyimbo na kanga mpya. Leo mtoto wa darasa la nne anasema "ukeketaji" kama anavyosema "malaria".

Dai langu ni hili. Wanaharakati walipoacha kusema "tohara ya wanawake" na kuanza kusema "ukeketaji", walifanya kazi ambayo askari na mgambo hawakuiweza. Tohara ni usafi, ni neno lililokuja na dini. Nani atasimama mbele ya kikao cha ukoo kupinga usafi? Kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kinachokwaruza kabla hakijakata. Tumbo likisokota tunasema linakeketa. Neno hilo liliposhika redio na magazeti, baba anayetaka kumpeleka binti yake akalazimika kutetea kitendo chenye jina hilo. Lile la zamani lilikuwa linamtetea lenyewe.

Na naona ndiyo maana mwaka 1998 Bunge letu liliweza kutunga sheria. Mnasemaje?

#2 Kijiwe Nongwa

Nimekaa kiti cha mbele. Ngoja wazee wa inchama, lile baraza la wazee wa Kikurya, waamke wakukute hapa.

#3 Karani wa Mahakama

Dada wa #1, hoja nzuri ila ngoja niweke sheria mezani kama ilivyo.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliongeza kifungu cha 169A kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu kinamshika mtu mwenye mtoto chini ya uangalizi wake, na mtoto hapo ni aliye chini ya miaka 18. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili pamoja na fidia. Mwanamke wa miaka 20 kifungu hiki hakimtaji.

Kwa hiyo ukisema neno lilileta sheria, uliza limeleta sheria ya namna gani. Limeleta sheria ya ukatili dhidi ya watoto. Tena kelele kubwa ya miaka ile, ambayo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wenzao waliipigia mbio, ilikuwa juu ya ubakaji. Kwa maoni yangu ukeketaji ulidandia gari la ubakaji. Bila hasira ya wananchi juu ya kubakwa kwa watoto, sidhani kama neno peke yake lingefika Dodoma.

#4 Mzee wa Kilimatinde

Salaam wanangu.

Mmeanza na Mara kana kwamba jambo hili ni la Wakurya peke yao. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta Manyara asilimia 58 ya wanawake wamekeketwa, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32, na kwetu Singida 31. Huku kwetu kuna neno lililofanya kazi kinyume kabisa na hilo mnalolisifia.

Neno lenyewe ni LAWALAWA. Ukimuuliza mama wa Kigogo au wa Kinyaturu atakwambia ni ugonjwa wa watoto wa kike: sehemu za siri zinawasha, mtoto analia akikojoa, na dawa yake ni kukatwa. Wazee wengi wa huku wanasema wazi kwamba zamani ugonjwa wenye jina hilo haukuwapo. Lilienea baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipoanza kuibana mila hii. Watu hawakubishana na serikali. Walibadilisha jina. Sherehe ya wasichana wakubwa, yenye ngoma na wageni, ikawa tiba ya mtoto mchanga, inafanyika kimya ndani ya nyumba na bibi yake. Mkuu wa wilaya atamkamata vipi bibi anayemtibu mjukuu?

Kwa hiyo mwanangu, wanaharakati walipokuja na "ukeketaji" wao, watu wa huku walikuwa wameshahama. Ukiuliza "mnakeketa?" unajibiwa hapana, na anayekujibu hakudanganyi kwa jinsi anavyoelewa yeye.

#5 Nesi Mstaafu

Mzee wa Kilimatinde amenigusa. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto mkoa mmoja wa kanda ya kati.

Alikuja mama na kichanga kimefungwa kanga mbili, joto la mwili liko juu, hakinyonyi. Tulipomvua nepi ya kitambaa tukakuta jivu limegandia kwenye kidonda. Mwenzangu akauliza kwa ukali, "Umemkeketa mtoto?" Mama akakataa, akaanza kukusanya vitu vyake aondoke. Nikamshika mkono, nikamuuliza, "Mama, mtoto alikuwa na lawalawa?" Akasema ndiyo. Akaeleza kila kitu, nani alifanya, lini, kwa wembe gani. Mtoto tulimtibu, akapona.

Yale ambayo bibi anayaita lawalawa kwa kawaida ni maambukizi ya njia ya mkojo au fangasi tu, na dawa zipo. Tulipoanza kusema hivyo hivyo, kwamba "lawalawa inatibika kwa vidonge na maji safi", akina mama walianza kuleta watoto kabla hawajawapeleka kwa ngariba. Neno la wanaharakati liandikwe kwenye sheria na kwenye taarifa za polisi, sina ugomvi. Kwenye meza ya kliniki lilikuwa linanifukuzia wagonjwa.

#6 Binti wa Sirari

Asante Mzee, asante Mama Nesi.

Ila oneni, nyote wawili mnanipa nguvu. Waliobuni lawalawa walijua kwamba mwenye jina ndiye mwenye kesi. Wasingehangaika kubadilisha jina kama jina halina uzito. Sasa kama upande ule ulishinda kwa neno, upande huu ungeshinda kwa nini kingine?

@Karani, faini isiyozidi laki tatu! Mahari ya binti aliyepitia esaro inaizidi mara nyingi.

#7 Jirani wa Isebania

Hamjambo huko ng'ambo ya mpaka. Sisi Wakuria wa Kenya tuna sheria kali zaidi, na kuna kipengele kimoja ambacho naona hamkijui.

Sheria yetu ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011, kifungu cha 25, inashughulika na MDOMO. Ukimtukana au kumkejeli mwanamke kwa sababu hakukatwa, au ukamkejeli mwanamume aliyemwoa, umetenda kosa. Kifungo si chini ya miezi sita, au faini isiyopungua shilingi elfu hamsini, au vyote.

Kwetu kisu hakianzi na ngariba. Kinaanza na neno "omosagane", yaani msichana ambaye hajakatwa. Msichana akiitwa hivyo kisimani na wenzake wa rika lake, jioni anamwambia mamake mwenyewe, "nipeleke". Nimeona binti wa kidato cha pili, baba yake mhubiri na amekataa katakata, ametoroka usiku kwenda kujiunga na wenzake. Hakuna mzee aliyemshurutisha. Ni lile jina alilokuwa akiitwa.

Waliosukuma kifungu hicho walielewa kwamba huwezi kushinda kwa kuleta neno jipya tu bila kulinyang'anya meno lile la zamani.

#8 Kijiwe Nongwa

Serikali ifunge watu kwa kutaniana kisimani? Magereza ya Kenya yana nafasi hiyo?

#9 Karani wa Mahakama

Kijiwe, soma alichoandika Jirani. Si utani unaokusudiwa pale, ni lugha ya kudhalilisha kwa nia ya kumuumiza mtu. Na sheria hiyo hiyo inasema ridhaa ya aliyekatwa si utetezi, na anayempeleka binti nje ya nchi akakatwe amekosa vilevile. Hilo la kuvuka mpaka linawagusa watu wa Isebania na Sirari pia.

Swali langu kwa Jirani ni la utekelezaji. Kifungu hicho kinatumika? Nani atakwenda kituoni kumshtaki shangazi yake kwa neno moja?

#10 Jirani wa Isebania

Kituoni haendi mtu, Karani. Lakini mwalimu wa kike akisimama paredi na kuwasomea wanafunzi kifungu hicho, wale wavulana wa nyuma wananyamaza. Chifu akikisoma barazani, mama mkwe anaanza kuchagua maneno. Kwangu hiyo ni kazi tosha ya sheria.

#11 Mlima Elgon

Habari kutoka Kapchorwa, Uganda. Kiswahili changu mnivumilie.

Sisi Wasabiny tulikuwa na mila kwamba mwanamke asiyekatwa hapandi ghalani kuchukua nafaka, hakamui ng'ombe, wala haokoti mavi ya ng'ombe zizini ya kusirabia nyumba. Fikirini mke mgeni katika boma: kila asubuhi anamwomba mke mwingine ampandie ghalani, na kila mtu anaona. Wengi walikatwa wakiwa wameshaolewa na wana watoto, kwa sababu ya ghala hilo.

Walioanza kupinga hapa, kama Jane Frances Kuka, hawakufanikiwa kwa lugha ya "kukeketa". Mwanzoni kulikuwa na ukali, na watu wakajibu kwa ukaidi, hata uongozi wa wilaya ukataka kuwalazimisha wanawake wote. Ndipo mwaka 1996 ukaja mpango mwingine, pamoja na chama cha wazee wa Sabiny wenyewe. Lugha ikabadilika: mila yetu ni nzuri, heshima, zawadi, mafunzo, hayo yote tunayashika, tunaacha kukata tu. Wakaanzisha siku ya utamaduni ya kusherehekea hayo yanayobaki. Wazee hao walipewa tuzo ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998.

Sheria ya Uganda ilikuja 2010, na mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba mila hii inapingana na Katiba. Kwetu ilikuwa miaka kumi na zaidi ya maneno ya heshima kwanza, halafu ndiyo sheria. Kwa hiyo Binti wa Sirari, neno kali silo lililotufungulia mlango.

#12 Mwalimu wa Historia

Uzi mzuri. Mniruhusu nirudi nyuma, maana watu wanafikiri vita hii ya majina ilianza miaka ya 90.

Mwaka 1929 baraza la wamisionari nchini Kenya lilianza kutumia maneno yenye maana ya "ukataji viungo vya uzazi vya wanawake", likimfuata mmisionari wa Kanisa la Scotland, Marion Stevenson. Kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakisema tohara tu. Misheni ikataka Wakikuyu waumini waikane mila hiyo waziwazi. Matokeo yake? Watu walihama makanisa na shule kwa maelfu, wakafungua shule zao za kujitegemea, na nyimbo za muthirigu zikaimbwa kuwakejeli wamisionari na wafuasi wao. Jomo Kenyatta akaitetea mila hiyo kwa maandishi mwaka 1938. Neno la wamisionari halikupunguza kisu hata kimoja. Liliigeuza mila kuwa bendera ya uhuru.

Halafu Meru, 1956. Wazee wa Njuri Ncheke wanapiga marufuku kwa kusukumwa na serikali ya kikoloni. Wasichana wakaenda msituni kukatana wenyewe kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Hakukuwa na ngariba wala bibi. Ni wasichana wenyewe walioichukua amri na kuitemea.

Na kwa faida ya wanaodhani Kenya ilianza 2011: Moi alitoa katazo la kauli mwaka 1982, na Sheria ya Watoto ya 2001 iliwalinda walio chini ya miaka 18. Ya 2011 ndiyo iliyowafikia wanawake wazima.

Somo ninaloliona: neno lile lile katika kinywa cha mkoloni liliwasha moto, na katika kinywa cha mwanahabari wa kike wa Dar es Salaam likapita. Angalieni msemaji kabla ya neno.

#13 Kijiwe Nongwa

Mwalimu, mtihani wa kufunga muhula ni lini? Nikachukue daftari.

#14 Ngamia wa Garissa

Assalaam alaykum.

Huku Kaskazini Mashariki mwa Kenya utafiti wa 2014 ulikuta zaidi ya asilimia 97 ya wanawake wamekatwa, na neno linaloushikilia mlango ni moja: "sunna". Ule ukataji mkubwa wa kushona watu wanauita wa Firauni, na siku hizi wengi wanaulaani. Lakini ukisema "tumeacha wa Firauni, tunafanya sunna kidogo tu", kila mtu anaridhika. Hata daktari wa kulipwa kwa siri anaridhika.

Kazi ngumu waliyoifanya wanaharakati wa kwetu, pamoja na masheikh walioungana nao, ni kusimama msikitini na kusema: kitendo hiki tusikiite sunna, kwa sababu Qurani haikukiamuru. Wasomi wengine wanawapinga hadharani, mjadala haujaisha. Ila ukishaliondoa neno hilo juu ya wembe, wembe unabaki peke yake. "Ukeketaji" hapa ni neno la redio ya Nairobi. Halijaingia ndani ya nyumba ya Msomali.

Gambia pia ni vivyo hivyo. Walipiga marufuku mwaka 2015, na 2024 muswada wa kuifuta marufuku ukaletwa bungeni kwa lugha ya dini na utamaduni. Bunge liliukataa mwezi wa Julai, lakini mmeona jinsi neno linavyoweza kurudi kudai sheria yake.

#15 Mtetezi wa Mila

Nimesoma wote nikanyamaza, sasa niseme.

Mvulana akikatwa ni tohara, msichana akikatwa ni ukeketaji. Nani alipanga hivyo? Mama yangu mzazi, aliyenilea na kunisomesha, leo kwenye karatasi za miradi anaandikwa "mwathirika wa ukeketaji". Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuitwa hivyo. Bibi zangu wanaitwa wenye mila potofu na vijana waliokuja na gari la mradi, wakakaa siku mbili, wakaondoka na picha.

Huko Kenya daktari Tatu Kamau alikwenda mahakamani kusema mwanamke mzima ana haki ya kuamua, na yeye husema tohara ya wanawake. Mbona huyo hamumtaji?

#16 Karani wa Mahakama

Ametajwa sasa, kaka, na hukumu yake ipo. Mahakama Kuu ya Kenya, majaji watatu, Machi 2021, ilitupilia mbali ombi lake. Walisema uhuru wa utamaduni haufiki mahali pa kumdhuru mtu, na kwamba ridhaa katika mazingira ya shinikizo la jamii ina mashaka. Tena wakataka Bunge lipelekewe mapendekezo ya kukipanua kifungu cha 19 cha ile sheria ya 2011 kiguse aina zote zenye madhara. Aliyekwenda kuilegeza sheria akaiacha inaelekea kukazwa.

Kuhusu mvulana na msichana: kinachokatwa si kimoja. Muulize Mama Nesi kuhusu uzazi.

#17 Nesi Mstaafu

Nitajibu kwa ufupi maana ni mambo mazito. Kovu halitanuki kama ngozi. Wakati wa kujifungua linachanika, damu inatoka nyingi, na uchungu unachelewa mtoto akiwa njiani. Nimeyashika kwa mikono yangu. Tohara ya mvulana haijawahi kuniletea mgonjwa wa namna hiyo leba.

Lakini Mtetezi ana neno kuhusu mama yake, na silipuuzi. Wanawake wengi waliokatwa wakiwa na miaka kumi na mitatu hawapendi kuitwa waathirika. Wengine wamekubali "manusura". Wengine hawataki jina lolote, wanataka watibiwe waende nyumbani.

#18 Binti wa Sirari

Mtetezi, mama yangu pia alikatwa. Nilipomuuliza kama neno "kukeketwa" linamuudhi, alikaa kimya kidogo, akasema: "Linaniudhi, lakini ndilo lililokuokoa wewe." Baba alikuwa ameshapanga. Mama alilisikia redioni akiwa anachambua mchele, akalibeba hivyo hivyo hadi kikaoni, akamwambia baba mbele ya ndugu zake: "Mwanangu hatakeketwa." Angesema "hatatahiriwa" wangemcheka. Neno lile hawakuwa na jibu lake tayari.

Hilo la gari la mradi na picha nakubaliana nawe asilimia mia. Waliookoa mabinti kwetu ni watu wanaokaa huko huko. Kambi ya Masanga na nyumba salama ya Mugumu zinawapokea wasichana Desemba wanapokimbia, na wanamaliza kwa sherehe, wanavalishwa, wanaimbiwa.

#19 Mwalimu wa Historia

Sherehe ya namna hiyo ina historia yake. Tharaka, Kenya, 1996, chini ya shirika la Maendeleo ya Wanawake, walianzisha kitu walichokiita "Ntanira na Mugambo", yaani kutahiriwa kwa maneno. Wasichana wanawekwa ndani kwa mafunzo, wana somo wao wa kuwafundisha, halafu wanatoka kwa sherehe na zawadi. Hapo neno la tohara halikufukuzwa. Lilibakizwa, likaondolewa kisu.

#20 Mpenda Takwimu

Naona wote mnavutana kana kwamba kuna mshindi. Tanzania mwaka 1996 ilikuwa asilimia 18 ya wanawake, 2015-16 ikawa 10, mwaka 2022 ikawa 8. Kenya ilikuwa 38 mwaka 1998, 21 mwaka 2014, 15 mwaka 2022. Imeshuka. Lakini inaweza kuwa shule za sekondari za kata, inaweza kuwa watu kuhamia mijini, inaweza kuwa wokovu. Na jambo likishakuwa kosa la jinai, anayehojiwa anaweza kuficha. Mzee wa Kilimatinde ametueleza mtu anavyoweza kujibu "hapana" kwa dhati.

Mzee, hao mnaowahoji huko, mkitumia neno lawalawa kwenye dodoso, takwimu si zitapanda?

#21 Mzee wa Kilimatinde

Zitapanda, mwanangu. Na watoto wakikatwa wangali wachanga, binti mwenyewe akikua hajui kama alikatwa. Ukimhoji ana miaka 20 anajibu asichokijua. Mimi ningeuliza mabibi.

#22 Jirani wa Isebania

Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ndiyo msimu wa kukata kwetu. Wenye ndugu Tarime vijijini, wasichana wakivuka kuja huku au wakivuka kwenda huko, semeni mapema kwa mwalimu au kwa mzee wa kanisa. Na mkiweza muwaambie wavulana wa rika lao waache lile jina.

#23 Kijiwe Nongwa

Jirani, hapo nimekuelewa. Nina mdogo wangu wa kiume yuko bweni Tarime, nampigia leo jioni. Mtetezi, bado upo?

#24 Mtetezi wa Mila

Nipo. Sijakubali kuhusu jina. Kuhusu binti yangu, tulishaamua na mama yake kwamba haendi, na hakuna redio iliyotuambia.